Kimea kimoja, ndoo nne: mwongozo kamili wa kupanga mfululizo wa pombe za nyumbani

Mfululizo wangu wa kwanza ulikuwa na majina mazuri kuliko pombe yenyewe. Niliuita Reli ya Kati: Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma. Mpwa wangu alichora lebo tano za kupendeza, na kila kituo kilikuwa na mapishi yake. Ya Dodoma niliipika kwa mtama na hamira ya maandazi. Ya Tabora ilikuwa ya asali, na chachu yake aliniletea rafiki kutoka Ujerumani. Ya Kigoma ilikaa wiki tatu kwenye ndoo kwa sababu tu nilisafiri. Siku ya kuonja shemeji akaniuliza: "Hii ya Tabora imependeza kwa ajili ya asali, au kwa ajili ya hiyo chachu ya Wajerumani?"

Sikuwa na jibu, na nisingeweza kuwa nalo. Nilibadilisha nafaka, chachu, muda na joto kwa mpigo mmoja, halafu nikabandika majina ya stesheni juu yake. Zilikuwa pombe tano zilizokutana mezani, kama abiria wasiojuana.

Mwongozo huu unahusu namna nyingine ya kupanga: unashika kitu kimoja, unabadilisha kingine kimoja, na vyote vilivyobaki unaviacha palepale. Mfano nitakaoufuata mwanzo hadi mwisho ni wa kimea cha ulezi (Kenya wanaita wimbi) kikiambatana na wenza wanne: ndizi, mahindi ya kukaangwa, mtama na asali. Ni ndoo nne za lita 5, zinapikwa katika wikendi moja na kuonjwa siku moja.

Swali kwanza, jina baadaye

Andika swali la mfululizo wako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sentensi moja. Langu lilikuwa: "Kimea kilekile cha ulezi, mwenza gani anakibadilisha zaidi?" Ukiona sentensi yako ina "na" mbili, hiyo ni mifululizo miwili. Igawe.

Kwa nini ulezi? Kwa sababu ndio uzi ulioshona pombe nyingi za huku kwetu. Wachagga wa Kilimanjaro wanauweka kwenye mbege pamoja na ndizi. Magharibi mwa Kenya, busaa ni mahindi yaliyokaangwa yakichachushwa kwa kimea cha wimbi. Mtama una ukoo wake mkubwa, ikigage ya Rwanda na impeke ya Burundi zikiwemo, na asali ndiyo inayotengeneza wanzuki. Kwa hiyo mfululizo huu una safari ndani yake bila kulazimisha ramani. Hata hivyo nakuonya mapema: hutapata mbege ya msibani wala busaa ya mzee wa boma. Hizo hunywewa zikiwa bado zinachacha, nzito na chachu, ndani ya siku moja au mbili. Sisi tutachuja, tutachemsha na kutia chupani ili pombe zote nne zisimame sawa siku moja. Ni binamu zake tu, na ukimpa bibi wa Marangu atakwambia hivyo kabla hujamaliza kummiminia.

Swali lako laweza kuwa lingine. Mtu wa Iringa anaweza kushika ulanzi, wa Pwani akashika mnazi. Nilichojifunza ni kwamba kitu unachokishika kiwe kile unachokifahamu zaidi, na unachokibadilisha kiwe kile unachotaka kukifahamu. Watu wengi hufanya kinyume, wanaanza na kiungo kigeni cha bei na kukizungushia vigeni vingine.

Mambo mawili kabla ya kuwasha jiko

Hapa tunachachusha tu, hatukeneki, yaani hatugeuzi pombe kuwa mvuke na kuukusanya. Gongo au chang'aa ni habari nyingine kabisa, kisheria na kiafya, na hakuna hatua humu inayoelekea huko. Pia pombe hii ni ya nyumbani na marafiki. Ukitaka kuuza hata glasi moja unahitaji leseni, na mahali pa kuanzia kuuliza ni ofisi ya serikali ya eneo lako. Walioko Marekani wanaruhusiwa na sheria ya shirikisho, tangu Rais Carter aliposaini mabadiliko ya mwaka 1978, kupika galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, au 200 kwa kaya yenye watu wazima wawili na zaidi. Ulezi kule wanaupata kwenye maduka ya Wahindi kwa jina la ragi. Nunua punje nzima, si unga, maana unga hauchipui.

Vyombo

Huhitaji mtambo. Unahitaji sufuria mbili kubwa, moja ya lita 10 au zaidi, ndoo nne za plastiki ya chakula za lita 10 zenye mifuniko, kitambaa cha kuchujia (kipande cha shuka jeupe la pamba kinatosha, kichemshwe kwanza), mwiko mrefu, mizani ya jikoni, na chupa za plastiki za soda za nusu lita, kama 36 hivi. Chupa ziwe za soda kwa sababu zimeundwa kuhimili gesi. Za maji ya kunywa hazijaundwa hivyo.

Vifaa viwili sikushauri uviruke. Cha kwanza ni kipimajoto. Kijaribu kwenye maji yanayochemka, lakini kumbuka mwinuko: hapa Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95, si 100. Niliwahi kutupa kipimajoto kizima kwa kutojua hilo. Cha pili ni haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kukuonyesha sukari iliyomo. Bila hiyo utakuwa unakisia pombe ikikomaa, na kukisia ndiko kunakopasua chupa.

Usafi: kijiko kikubwa kimoja cha jiki isiyo na manukato katika lita 4 za maji, vyombo vikae dakika 20, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Usichanganye jiki na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, kwani mvuke wake ni sumu. Kinachogusa pombe kabla ya kuchemshwa kikiwa safi kama sahani yatosha. Kinachoigusa baada ya hapo lazima kipite kwenye hayo maji.

Kalenda isomwe kutoka mwisho

Chagua siku ya kuonja kwanza, kisha hesabu kurudi nyuma. Tuseme ni Jumamosi. Chupa zinahitaji karibu wiki mbili kutengeneza gesi na kutulia, kwa hiyo unatia chupani Jumapili siku 13 kabla. Kabla ya hapo pombe imekaa ndoo siku 7 au 8, hivyo unapika Jumamosi na Jumapili, siku 21 na 20 kabla. Kimea nacho kinataka wiki nzima, pamoja na siku kadhaa za akiba kwa ajili ya mawingu. Unaloweka ulezi siku 35 kabla.

Wiki tano, basi. Lakini ndani ya wiki hizo kuna vitu viwili vidogo ambavyo vimewaangusha wengi. Unga wa mahindi ya busaa lazima ukandwe na maji siku tatu kabla ya kukaangwa, kwa hiyo unaanza Alhamisi kwa kupikwa Jumapili. Ndizi nazo hazijali kalenda yako. Nunua mkungu wiki moja kabla, ufunike kwenye gunia mahali pa joto, na uukague kila jioni. Tunataka ndizi laini zenye madoa meusi, zile ambazo mtoto angezikataa. Zikiiva Alhamisi, zimenye na uziweke kwenye friza hadi Jumamosi, haziharibiki kitu.

Kwa nini nasisitiza wikendi moja? Kwa sababu ya chachu. Nikitumia chachu ya bia ya pakiti, ile ya gramu 11.5 imepimwa kwa lita 20 hivi, yaani ndoo zetu nne. Pakiti ikishafunguliwa haifai kukaa siku nyingi, hata kwenye friji. Ukipika moja leo na nyingine mwezi ujao, umebadilisha chachu bila kukusudia, na shemeji atakuuliza tena lile swali.

Kimea

Osha kilo 3 za ulezi mpaka maji yawe meupe. Ulezi una mchanga, hakuna namna. Loweka kwa saa 24 ukibadilisha maji kila baada ya saa nane. Chuja, tandaza kwenye gunia lenye unyevu kwa unene wa vidole viwili, funika kwa majani ya mgomba au gunia jingine. Nyunyiza maji asubuhi na jioni, na kila mara geuza kwa mkono ili yasishikane na yasijipashe joto katikati. Siku ya tatu vichipukizi vitakuwa na sentimita moja hivi. Hapo ndipo pa kusimama. Ukingoja hadi majani yawe ya kijani, mmea umeshakula sukari uliyotaka kuinywa wewe.

Anika juani, tabaka jembamba, siku mbili hadi nne. Kikikauka kinavunjika kwa meno. Kifikiche kwa viganja, vijizizi vitoke, kisha pepeta. Kilo 3 zitabaki kama 2.4. Tunahitaji 2 kwa ndoo nne, gramu 100 za jaribio, na zinazobaki ni akiba.

Usikikaange hata kidogo. Harufu yake itakushawishi, lakini joto kali linaua vimeng'enya, yaani vile vifanyakazi ndani ya kimea vinavyokata wanga kuwa sukari. Na ukiona ukungu, iwe wa kijani, mweusi au wa waridi, tupa chote. Nawaambia hivihivi kuhusu mahindi na mtama. Sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kwa kuchachusha. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125.

Kusaga: nusunusu, si laini kama unga wa uji. Ukienda mashineni, mwambie fundi apitishe kwanza gramu mia za ulezi wa kawaida ili kusukuma mabaki ya mahindi ya mteja aliyekutangulia. Atakununia, lakini umpe soda. Mabaki hayo yangeingia kwenye ndoo zote nne.

Togwa ndiyo hakimu

Kabla hujaweka rasilimali kwenye kimea hiki, kijaribu kwa togwa, yaani uji unaolegezwa na kutiwa utamu kwa kimea. Pika uji wa gramu 250 za unga wa mahindi kwa lita 2 za maji. Uache upoe hadi nyuzi 65, koroga gramu 100 za kimea, funika na taulo. Baada ya saa moja uji mzito uliokuwa unasimamisha mwiko utakuwa umelegea kama maziwa, na utamu utausikia bila sukari. Bibi zetu walipima joto kwa kidole: uji ukiweza kukiingiza na kukitoa haraka bila kuungua, umefika. Walisema ukitia kimea kwenye uji wa moto "kinakufa", na ndivyo hasa inavyotokea kwa vimeng'enya.

Uji usipolegea ndani ya saa mbili, kimea chako ni dhaifu. Usiendelee. Sogeza tarehe ya kuonja, anza upya. Ni afadhali kuahirisha wageni kuliko kuwapa uji wenye hamira.

Njia ya maji ya kimea

Hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili. Nafaka zetu zina ukaidi ambao shayiri haina. Wanga wa mtama, kwa mfano, haufunguki mpaka joto lipite nyuzi 68 au 70, na kwenye joto hilo vimeng'enya vinaanza kufa. Ukipasha kidogo, wanga unabaki umejifunga. Ukipasha sana, hakuna wa kuukata. Dawa ni kuwatenganisha: watoe vifanyakazi nje, pika wanga, poza, kisha warudishe kazini.

Kwa kila ndoo, fanya hivi:

1. Koroga gramu 500 za kimea katika lita 2 za maji ya nyuzi 50. Acha itulie dakika 40. Vimeng'enya vinayeyukia kwenye maji, machicha yanazama.

2. Teka taratibu lita moja ya maji ya juu kwa upawa. Weka pembeni, usiyapashe tena. Hayo ni maji ya kimea, na yana thamani kuliko kitu chochote jikoni siku hiyo.

3. Machicha yaliyobaki yaunganishe na mwenza wa ndoo hiyo pamoja na lita 3.5 za maji (vipimo vinavyotofautiana nimevitaja chini). Chemsha polepole dakika 30 ukikoroga, maana ulezi hushika chini haraka.

4. Ipua, poza hadi nyuzi 70. Rudisha maji ya kimea. Hesabu yake ni hii: lita 4.5 za uji wenye nyuzi 70, ukiongeza lita 1 ya maji yaliyopoa hadi 45, mchanganyiko unatua kwenye 65. Funga sufuria kwa blanketi kwa saa moja na nusu.

5. Chuja kwa kitambaa. Mimina lita moja ya maji ya moto wa nyuzi 65 juu ya machicha, uyakamue. Utakuwa na lita tano na kitu.

6. Chemsha dakika 15 kuua vijidudu, kisha tumbukiza sufuria kwenye beseni la maji baridi mpaka ifike nyuzi 25 au chini. Hamishia kwenye ndoo iliyosafishwa kwa kumwaga kutoka juu, povu liingize hewa.

7. Pima kwa haidromita, andika. Tia chachu: karibu gramu 3 kwa kila ndoo, takriban kijiko kimoja cha chai. Hamira kavu ya mikate inafanya kazi, ila haizami vizuri na huacha ladha ya mkate. Zote nne zitumie ileile.

Sijaweka kitu cha uchungu. Uchagani wapo wanaotia gome la msesewe kwenye mbege. Mti huo ni wa jamii ya Rauvolfia, jamii inayotoa dawa za kushusha shinikizo la damu, na mimi simpi mgeni dawa ambayo hakuandikiwa. Zaidi ya hayo, uchungu ungekuwa badiliko la pili.

Wenza wanne

Nimewapima ili wote watoe sukari inayokaribiana, kama gramu 350 hadi 400, la sivyo utakuwa unalinganisha nguvu badala ya ladha.

Ndizi, Jumamosi asubuhi. Kilo 2 zilizokwisha kumenywa, maana ndizi mbivu sana ina karibu asilimia 20 ya sukari. Maji yapunguze hadi lita 2.5, kwa kuwa ndizi zenyewe ni maji. Chemsha ndizi peke yake kwa saa mbili, moto mdogo, ukiongezea maji yanayopungua, hadi rangi igeuke ya kahawia yenye wekundu. Baadaye ndipo machicha ya kimea yaingie. Kuchuja kwake kunachosha mikono, kwa hiyo mwite mtu mwingine ashike upande wa pili wa kitambaa.

Asali, Jumamosi mchana. Gramu 500. Machicha ya kimea yapikwe yenyewe kwa maji lita 3.5, bila mwenza. Asali inaingia mwisho kabisa, baada ya hatua ya 6 kuzima moto na joto kushuka chini ya 60, kwa sababu harufu ya maua ikishapaa na mvuke hairudi. Mimi hutumia asali nyeusi ya miombo ya Tabora, ambayo ina ladha ya moshi kidogo. Ukiwa na asali ya shambani kwako, hiyo hiyo.

Mahindi, Jumapili asubuhi. Alhamisi ulikanda gramu 500 za unga wa dona na maji mililita 400, ukafunika. Sasa unanukia uchachu. Ukaange kwenye karai kavu, moto wa wastani, ukivunjavunja madonge kwa mwiko kwa dakika 30 hadi 40, hadi uwe na rangi ya karanga zilizokaangwa. Hapa ndipo harufu ya busaa inapozaliwa, na jirani atapiga hodi. Usiharakishe. Madonge yaliyoungua nje na kubaki mabichi ndani hutoa pombe yenye ladha ya majivu.

Mtama, Jumapili mchana. Gramu 500 za unga wa mtama mweupe, bila kuuchipuza. Mwekundu mara nyingi una tanini (kile kitu chenye ukakasi) nyingi, na tanini hufunga vimeng'enya. Si bahati tu kwamba bia ya Eagle ya Uganda iliyotoka mwaka 2002 ilijengwa juu ya Epuripur, ambao ni mtama mweupe. Kama unapenda kuchipuza mtama badala ya kutumia unga wake, jua kwamba vichipukizi vyake vina kemikali inayozaa sumu ya sianidi. Ukauke kabisa, ufikichwe, mizizi na vichipukizi vyote vipepetwe visibaki, halafu upikwe. Kwa mfululizo huu unga wa kawaida umetosha.

Kipimo cha mwanzo cha haidromita kitakuwa mahali kati ya 1.030 na 1.040 (pointi moja ni 0.001). Ndoo moja ikiwa chini kwa zaidi ya pointi 6 kuliko zenzake, irekebishe kwa sukari nyeupe, gramu 13 kwa kila pointi katika lita 5, na uandike kwamba umefanya hivyo.

Siku nane za subira

Ndoo zikae chumba kimoja, sakafuni, zimepangwa mstari mmoja. Nyuzi 18 hadi 24 ndizo nzuri. Nyanda za juu, kati ya Juni na Agosti, hiyo inapatikana bila jasho. Dar au Mombasa weka kila ndoo kwenye beseni la maji, ivishe kanga iliyolowa yenye ncha zake ndani ya maji, na ufungue dirisha. Upepo hushusha nyuzi kadhaa. Mifuniko isibanwe kabisa, gesi itoke.

Usifungue kuchungulia kila saa. Pima Alhamisi, pima tena Jumapili. Namba zikiwa sawa, imemaliza. Zikiwa bado zinashuka, ngoja siku tatu nyingine hata kama ulishaalika watu. Kukokotoa nguvu: toa kipimo cha mwisho kwenye cha mwanzo, zidisha kwa 131. Ya kwangu ya mtama ilianza 1.036 ikaishia 1.008, ambayo ni asilimia 3.7.

Utando mweupe mwembamba juu siyo mwisho wa dunia, ingawa utaongeza uchachu. Manyoya ya rangi yoyote, mwaga.

Kutia chupani: gramu 6 za sukari kwa kila lita, iyeyushwe kwenye glasi ya maji ya moto, ipozwe, ichanganywe taratibu ndani ya ndoo. Teka juu, acha mashapo chini. Acha nafasi ya vidole viwili shingoni, funga, andika namba kwenye kifuniko (namba, si jina). Baada ya siku ya tano anza kubinya chupa. Ikiwa ngumu kama ya soda mpya, zote ziende kwenye friji. Pombe za nafaka zisizo na uchungu hazitulii kama bia ya kiwandani. Kuna wanga uliobaki na mdudu fulani atapata namna ya kuula. Zinywe ndani ya wiki tatu, zikae baridi.

Kuonja

Watu sita wanatosha, wote wa miaka 18 na kuendelea, na bodaboda ya kuwarudisha iwe imepangwa. Mama mjamzito na anayetumia dawa wapewe togwa, ambayo utaipika asubuhi hiyohiyo kwa kimea cha akiba.

Mililita 100 kila mmoja, vikombe vinavyofanana, namba chini ya kikombe. Anza na mtama, kisha asali, ndizi, na mahindi mwisho, kwa kuwa ladha ya kukaanga hubaki mdomoni na kuzifunika nyingine. Usiulize "ni nzuri?" Sisi watu wa adabu; kila mtu atasema nzuri, na wengine wataongeza hongera. Uliza: ungeipa chakula gani? Ipi inafanana na ipi? Na ukae ukitazama kikombe kipi kimebaki nusu. Hilo halina adabu, kwa hiyo huwa kweli.

Kwetu, kikombe cha asali kilisifiwa kuliko vyote na kikabaki nusu kwa watu wanne. Cha mahindi walikikunjia uso, kisha wakakimaliza na kuuliza kama ipo nyingine. Shemeji alirudia swali lake, safari hii kuhusu ndizi: "Huu uzito wa mdomoni ni wa ndizi au wa ulezi?" Nilimsukumia kikombe cha mtama aonje tena. Ulezi ulikuwemo humo pia kwa kiasi kilekile, na uzito haukuwepo. Akanyamaza, akaandika jambo kwenye karatasi yake.

Mfululizo unaofuata

Usianzishe dhamira mpya. Chukua mwenza aliyeshinda na umfanye yeye ndiye anayeshikwa. Kwangu ni mahindi ya busaa, na swali jipya ni muda wa kukaanga: dakika 15, 30, 45, na ndoo moja ya mahindi yasiyokaangwa kabisa. Kimea, chachu, maji na vipimo vinabaki kama vilivyo. Ukikuta huna tena kimea cha ule mkupuo, basi pika ndoo moja ya zamani upya kwa kimea kipya ili uwe na daraja kati ya mifululizo miwili.

Machicha ya ndoo nne yalijaza karai zima. Kuku wanayapenda, ng'ombe zaidi, lakini yapelekwe siku hiyohiyo kabla hayajachacha. Kilo 3 za ulezi nimeziloweka leo asubuhi, na maji ya kwanza nimeshayamwaga.